Mke wa Fundi na Njia ya Watatu

Wewe ungekubali mkeo apande kila asubuhi gari la mwanaume usiyemjua hata jina?

Usijibu haraka. Fundi alijibu haraka. Alisema ndiyo, tena kwa moyo mkunjufu, huku akimnyooshea mkewe ile sare nyeupe ya jikoni. Alisema ndiyo kwa sababu mji ule wa ugenini haukumpa jibu jingine. Teksi zilikuwa zimeadimika kama maziwa ya kuku.

Zamani zilikuwapo, wenyeji walisimulia. Zilikuwa kuukuu, zinafuka moshi, mlango mmoja unafungwa kwa kamba, lakini ukiinua mkono zinasimama. Kisha wakubwa wa mji wakaziondoa zote barabarani, wakasema mji unataka kupumua. Mji ukapumua kweli. Waliobaki wakihema ni wapishi, wafagiaji, wauguzi na walinzi, watu ambao lazima wawe kazini kabla wakubwa hao hawajaoga. Teksi mpya chache zilizoletwa zilijua safari mbili tu: kwenda uwanja wa ndege, na kutoka uwanja wa ndege. Na basi la kwanza lilizunguka mitaa yote kama mtu anayeaga majirani, likavuka mto zamu ikiwa imeshaanza.

Ndipo ilipozaliwa foleni ya pembeni. Barabara kubwa iendayo mtoni ilikuwa na njia moja ambayo watu waliiita njia ya watatu. Gari lenye watu watatu au zaidi liliruhusiwa kupita humo na kuruka. Gari la mtu mmoja lilibanwa na wenzake kwenye njia nyingine, likatambaa. Kwa hiyo madereva waliokuwa peke yao walisimama pale pembeni, wakabeba wageni wawili, wakaruka nao. Hakuna aliyemlipa mwenziwe. Dereva alihitaji vichwa, na vichwa vilihitaji gari. Mambo yalikuwa na adabu zake: unapanda kwa zamu, huchagui gari, hugusi redio, huongei mpaka dereva aanze, na ukishuka unasema asante. Hapakuwa na askari wala kibao cha maagizo, na watu hawakugombana. Wakubwa hawakuwahi hata kuja kuiangalia foleni ile, na pengine ndiyo sababu ilikwenda vizuri.

Mke wa Fundi alikuwa mmoja wa vichwa hivyo. Watu wa kwao walimwita Mama Pacha. Alikuwa kwenye majaribio katika jiko la nyumba ya kulelea wazee, ng'ambo ya mto. Akithibitishwa kazini, wangepata ruhusa ya kuwaleta pacha wao, ambao walikuwa kwa bibi yao na sasa walianza kuongea kama bibi yao. Kila Jumapili walisikika kwenye simu wakipigania nani aongee kwanza, mpaka simu inakatika kabla yeyote hajaongea. Kazi ile, basi, haikuwa kazi tu. Ilikuwa mlango ambao watoto wangepitia.

Fundi mwenyewe alishona chini ya ardhi. Duka la kufulia nguo lilikuwa juu, na yeye chumba cha chini, pamoja na mpiga pasi, wakipunguza suruali za watu, wakibadilisha zipu na kutia bitana kwenye makoti. Dirisha lao lilikuwa juu karibu na dari, sawa na usawa wa njia ya miguu, kwa hiyo dunia ilipita mbele yao ikiwa viatu na matairi. Na foleni ya pembeni ilikuwa papo hapo nje. Kila asubuhi Fundi aliviona viatu vyeusi vya mkewe vikisogea hatua kwa hatua, tairi linakuja, mlango unafunguka, viatu vinapanda. Mwanzoni alikuwa akisema moyoni, "Nenda salama," kisha anatia uzi kwenye sindano.

Baada ya muda akagundua kwamba tairi ni lile lile. Kifuniko chake kilikuwa kimevunjika pembeni.

"Ni mwalimu mmoja," Mama Pacha alimweleza. "Ana miwani mizito kama chupa. Shule yake iko mbele ya kazini kwangu. Anapita saa ile ile ninayofika mimi kwenye foleni, nifanyeje?"

"Hana jina?"

"Sijamuuliza. Mimi namwita Miwani."

Keshampa na jina la utani! Fundi akakata tonge jingine.

Hasa kilichomchoma ni mdomo. Fundi ndiye aliyetangulia kuja katika mji ule. Ndiye aliyempokea mkewe stesheni, akamfundisha kusema mkate, kusema asante, kusema sielewi. Sasa mke huyo alirudi jioni na maneno mapya mdomoni kama mtu anayetafuna karanga, na siku moja Fundi alipoomba chumvi dukani kwa lugha ya wenyeji, Mama Pacha akamsahihisha mbele ya muuzaji. Tena akaanza kusema, "Leo tumepita daraja la chini, la juu limefungwa." Tumepita! Fundi hakujua hata kama madaraja yako mawili. Yeye alijua chumba chao, mtaa wa kwenda kazini, na viatu vya watu.

Mpiga pasi alikuwa mtu wa kwao, mcheshi, na hakuwa na huruma.

"Fundi, leo shemeji kacheka kabla hata mlango haujafungwa."

"Piga pasi."

"Napiga. Nasema tu. Mwenzio anapandishwa gari, wewe unapandishwa presha."

"Ni lifti tu ile."

"Ndiyo, lifti. Hata mimi ningekuwa na gari ningetoa lifti. Lakini kwa wanaume? Labda nikiwa mgonjwa." Akaibana pasi, mvuke ukapiga kelele kana kwamba nao unamcheka Fundi.

Jioni hiyo Fundi alilipokea koti la mkewe mlangoni ili alitundike. Alilikata na kulishona yeye mwenyewe, jeusi, kiuno kimekaa mahali pake. Alikuwa analipapasa kama kawaida yake, maana fundi hatundiki nguo bila kuikagua, na mkono wake ukasimama. Kwenye bega la kulia, kuteremka kidogo mkononi, palikuwa na nyuzinyuzi za kijivu. Akazinyofoa, akazisokota kati ya vidole, akazisogeza kwenye taa. Sufu. Sufu ya mnyama wa kweli, si ya kiwandani. Akatazama bega la kushoto: safi kabisa. Ni la kulia tu. Na mtu aliyekaa kiti cha mbele, bega lake la kulia ndilo linaloelekea kwa dereva.

"Mama Pacha," aliita, sauti imenyooka kama mstari wa chaki. "Huyo Miwani wako anavaa koti gani?"

"Koti?" Mke alikuwa anavua viatu. "La kijivu, nadhani. Kwa nini?"

"Unamwegemea?"

"Nini?"

"Nauliza kama unamwegemea. Sufu ya koti lake iko begani mwako. Mimi ni fundi, usije ukanifundisha nguo."

Mama Pacha alicheka. Kisha akauona uso wa mumewe, kicheko kikakatika.

"Baba Pacha, umechoka. Njoo ule."

"Kesho hupandi gari lile."

"Nipande nini?"

"Teksi."

"Teksi!" Alipiga makofi mara moja tu. "Haya. Niitie hiyo teksi. Mimi nitavaa viatu vyangu nisimame mlangoni kama mke wa waziri."

Kesho yake, kabla taa za barabarani hazijazimwa, Fundi alikuwa katikati ya mji akitafuta teksi. Aliinua mkono, teksi ikapita. Akainua yote miwili, ikapita nyingine, dereva akampungia kana kwamba wamesalimiana. Akapiga simu kwenye kituo chao, akapigiwa muziki. Akaenda kusimama mbele ya hoteli kubwa ambako teksi mbili zilikuwa zimelala, akagonga kioo.

"Uwanja wa ndege?" dereva aliuliza.

"Ng'ambo ya mto."

Kioo kikapanda. Teksi ya pili ilichukuliwa mbele ya pua yake na bibi mmoja mwenye sanduku la magurudumu, na sanduku lile lilipewa kiti cha nyuma peke yake. Fundi alilitazama likiondoka, limekaa raha mustarehe, na akaona wivu hata kwa sanduku.

Alirudi anakimbia. Mama Pacha alikuwa bado mlangoni. Walitoka mbio mpaka pembeni, wakakuta foleni imekwisha na madereva wamekwisha. Mama Pacha akavuka daraja mbio kwa miguu, viatu mkononi.

Jioni alisimulia kwa sauti isiyo na chumvi. Uji wa wazee ulichelewa. Msimamizi alimwita pembeni, akamwambia wiki hii ndiyo ya mwisho ya majaribio, na akichelewa tena mara moja tu, asihangaike kurudi.

"Kwa hiyo kesho napanda gari," alimaliza. "La Miwani, la shetani, lolote litakalosimama."

"Panda," Fundi alisema. "Na mimi napanda."

"Wewe? Unakwenda wapi?"

"Naenda kupanda gari. Si bure?"

Mpiga pasi alikubali kumshikia zamu kazini. "Nenda kamlinde shemeji," alisema. "Ukirudi na meno yote, nisalimie."

Asubuhi Fundi alivaa suti. Si suti ya kazi. Ni ile aliyojishonea mwenyewe, ya bluu, yenye ukosi mkali, ambayo aliivaa mara ya mwisho siku ya kumpokea mkewe stesheni. Watu wa kwenye foleni, waliovaa sare za kazi, walimpima kwa macho. Gari lenye kifuniko kilichovunjika lilikuja. Zamu ilikuwa yao.

"Mimi mbele," Fundi alimwambia mkewe.

Akafungua mlango, akaketi, akavuta mkanda akaufunga. Tangu usiku alikuwa ametayarisha jicho: jicho la kumtazama mtu mpaka aelewe. Akageuka kulia na jicho lake, akakutana na kioo cha dirisha. Ndani ya kioo palikuwa na mwanaume mwenye suti ya bluu, amekasirika, anamtazama.

"Habari ya asubuhi," sauti ilisema kwa lugha ya wenyeji. Ilitoka kushoto.

Fundi akageuka. Miwani alikuwa kushoto, usukani mkononi, kama madereva wote wa nchi ile. Fundi alikuwa ameyaona matairi ya nchi hii kwa miaka, lakini tangu afike hakuwahi kukaa kiti cha mbele cha gari. Kwao dereva hukaa kulia, na mwili wake ulikuwa umebaki kwao. Akautazama mkanda aliojifunga. Ulishuka kutoka juu ya mlango, ukapita begani kwake kulia, na ulikuwa umevikwa kipande cha ngozi ya kondoo, cha kijivu, kimechakaa, kinanyonyoka. Tayari kilikuwa kimeanza kuiharibu suti ya bluu. Na koti la Miwani lilikuwa la kijivu kweli, ila la mvua, kitambaa cha kuteleza ambacho hakijawahi kukutana na kondoo.

Mtu mwingine angecheka. Angemgeukia mkewe pale nyuma, angemwonyesha bega lake, wangecheka wote wawili mpaka ng'ambo. Fundi alitaka kufanya hivyo, kwa muda mfupi alitaka kabisa.

Lakini gari liliingia njia ya watatu, likaanza kuruka, na mji ukafunguka mbele yake. Kumbe ulikuwa mkubwa hivi. Kulikuwa na jengo la vioo lililoushika mwanga wote wa alfajiri, na uwanja wenye mti mmoja na watu wanaonyoosha viungo, na mto, mpana, wa rangi ya bati, wenye madaraja mawili kweli. Pembeni, magari ya mtu mmoja mmoja yalikuwa yamegandana, na wao wanayapita. Na Mama Pacha, pale nyuma, alikuwa anaongea na Miwani. Hakuwa anababaisha maneno ya dukani. Aliuliza, akajibiwa, akabisha, akaonyesha kidole upande wa mto. Aliujua mji ule. Kila asubuhi, Fundi akiwa chini ya ardhi anatazama viatu, mkewe alikuwa anapewa mji mzima bure, kupitia kioo hiki hiki, kutoka kiti hiki hiki.

Walicheka wote wawili kwa pamoja.

"Mnacheka nini?" Fundi aliuliza.

"Kasema kitu kuhusu daraja."

"Kitu gani?"

Mama Pacha alifikiri. "Kwa Kiswahili hakichekeshi."

Hapo ndipo lilipomtoka. Fundi alimgeukia Miwani, akakusanya maneno yake machache ya lugha ya wenyeji, akayapanga vibaya, akayasema kwa nguvu:

"Huyu mke wangu. Mimi mume. Yeye ni wangu."

Miwani alimtazama mara moja, akarudisha macho barabarani.

"Ndiyo," alisema. Akawasha redio.

Hakuongea tena mpaka ng'ambo. Mama Pacha alishuka, akafunga mlango, akaingia lango la kazini bila kusema asante. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuvunja adabu za foleni. Fundi naye alirudi kwa miguu, akavuka daraja katikati ya upepo, suti yake ikinyonyoka sufu, na akaona kwa macho yake umbali ambao mkewe aliukimbia jana yake.

Jioni mke alipika, akapakua, akakaa.

"Umenitangaza kama kiwanja," alisema.

Fundi alitazama sahani.

"Yule baba kila siku ananiuliza watoto wamelalaje. Kila siku, Baba Pacha. Anawajua kwa ugomvi wao wa simu. Katika mji huu wote ni yeye tu anayeniuliza. Wewe unaniuliza nimeegemea wapi."

"Ile sufu ni ya mkanda," Fundi alisema. "Nimeiona."

"Uliiona lini?"

"Nilipokaa."

"Ukaiona, na bado ukasema vile?"

Jibu lilikuwapo, lakini halikuwa na mahali pa kushikia. Angemwambiaje kwamba sufu ilikwisha, na wivu ukabaki? Kwamba hamwonei wivu Miwani tena, anamwonea wivu yeye, mkewe, kwa madaraja yake, kwa ubishi wake, kwa kicheko kisichotafsirika?

"Mimi ndiye niliyefika kwanza mji huu," alisema mwishowe, na hata yeye alisikia jinsi kauli ile ilivyokuwa ya kitoto.

Mama Pacha aliisogeza sahani yake pembeni. Hasira ilikuwa imempungua, ikabaki hofu.

"Kesho ndiyo siku yangu ya mwisho ya majaribio," alisema. "Msimamizi atakaa na saa mlangoni. Foleni ya Ijumaa madereva ni wachache, unajua. Miwani asiposimama, mimi na wanangu ndiyo basi tena. Na kwa nini asimame? Wewe ungesimama?"

Fundi alilijua jibu. Asingesimama.

Asubuhi hakushuka kwenda chumba cha kushonea. Alibaki juu, kwenye njia ya miguu, mgongo ukutani, amevaa aproni yake ya kazi. Mama Pacha alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mlinzi mmoja wa usiku nyuma yake, na nyuma ya mlinzi watu wengi, maana madereva walikuwa wachache kweli. Hakumtazama mumewe.

Gari lenye kifuniko kilichovunjika lilitokea kwenye kona. Lilipunguza mwendo. Kisha Miwani alimwona Fundi ukutani, na gari likasita, likawa kama linataka kupita. Likasogea mbele kidogo ya foleni, likasimama, injini ikinguruma.

Mama Pacha aliliendea. Akafungua mlango wa mbele. Lakini Miwani hakumtazama yeye. Alikuwa ameinama, anamtazama Fundi kupitia dirisha, juu ya ile miwani mizito, nyusi zimeinuka. Alikuwa anaomba ruhusa. Foleni nzima iligeuka kumtazama Fundi.

Ilitosha aitikie kwa kichwa. Fundi alilijua hilo, na shingo yake ikakataa, ikawa ngumu kama ukosi uliotiwa wanga. Mkono ulijaribu kuinuka kutoka mfuko wa aproni, ukafika nusu.

Mama Pacha aliona wanaume wawili wakitazamana juu ya kichwa chake. Akaketi. Akauvuta mkanda begani, akaufunga. Kisha akapiga dashibodi mara mbili kwa kiganja, kwa nguvu, mpaka Miwani akashtuka na kumgeukia, akasema kwa lugha ya wenyeji neno ambalo hata Fundi alilielewa:

"Twende."

Mlinzi alijitupa kiti cha nyuma. Mlango ukafungwa. Gari liliacha ukingo, likaingia njia ya watatu, likaanza kuyapita magari mengine moja baada ya jingine, na kabla halijapotea Fundi aliuona mkono wa mkewe ukiinuka ndani ya kioo, ukionyesha kitu upande wa mto.